Dondoo muhimu: Kwa fundi apandaye juu

Kisangani hainyimwi mvua hata mwezi mmoja wa mwaka, na miti ya jukwaa aghalabu huwa telezi. Basi kabla hujapanda, ewe fundi:

1. Vaa mkanda ushikao mabega na mapaja. Ule wa kiunoni pekee waweza kukuvunja mgongo.
2. Funga kulabu ya kamba ya mkanda juu ya kichwa, kwenye nguzo ya zege iliyokwisha kukauka, wala si kwenye mti wa jukwaa lenyewe, kosa lililoenea mno.
3. Kamba ya mita 2 yenye kipunguza mshtuko, ikifungwa usawa wa miguu, huhitaji zaidi ya mita 6 tupu chini.
4. Kagua mishono kila asubuhi.
5. Mkanda uliokwisha kumdaka mtu aliyeanguka, ukate usitumike tena.
6. Aliyening'inia mteremshe upesi, kwani damu hukwama miguuni. Ngazi iwe tayari.