KITAMBAA CHA KRISMASI NA NAFASI YA MGENI
Somo la nyumbani kwa wakati wa Majilio

Soma kwanza: Kutoka 35:20-29, Luka 2:1-7, Matendo 9:36-42.



Majilio yanapoingia, akina mama wengi hutoa sindano na uzi. Mmoja hudarizi kitambaa cha meza, mwingine hufuma vitambaa vya viti, ili Krismasi iikute nyumba imependeza. Kazi hii si ya upuuzi. Wanawake wa Israeli walisokota kwa mikono yao nyuzi za kazi ya Hema. Dorkasi alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Na Mariamu alikuwa na vitambaa tayari vya kumfungia Mwanawe, ingawa nyumba ya kumpokea haikupatikana.

Basi tuangalie jinsi watu wa nchi tatu wanavyoiandaa sikukuu hii, kisha tujipime wenyewe.

1. Bethlehemu: kazi ya kurithishana

Katika mji aliozaliwa Bwana, wanawake wamejulikana tangu zamani kwa kudarizi. Mshono wao wa sifa ni huu: uzi wa rangi ya dhahabu au fedha hulazwa juu ya kitambaa, kisha hushikizwa kwa mishono midogo ya hariri. Bibi arusi alivaa gauni la kazi hiyo, liitwalo malak. Mama humfundisha binti, naye binti humfundisha wake. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliuandika udarizi wa Wapalestina katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Huko Krismasi huadhimishwa mara tatu: tarehe 25 Desemba, tarehe 7 Januari kwa Waorthodoksi, na tarehe 18 na 19 Januari kwa Waarmenia. Mwaka 2023, kwa sababu ya vita vya Gaza, sherehe za hadhara ziliachwa. Mti mkubwa haukusimamishwa uwanjani. Zikabaki ibada, na familia majumbani mwao. Mapambo ya barabarani yaweza kuondolewa, lakini mama alichomfundisha mtoto hakiondolewi.

2. Denmark: kazi ya kungoja

Katika nyumba nyingi za Denmark huning'inizwa ukutani kitambaa kirefu kilichodariziwa kwa mishono midogo inayokatizana kama msalaba. Juu yake hushonwa pete ndogo 24. Kila pete hufungwa kijizawadi, na mtoto hufungua kimoja kila siku, tangu tarehe 1 Desemba hata tarehe 24. Jioni ya mkesha jamaa wote hushikana mikono na kuuzunguka mti wa Krismasi wakiimba.

Angalieni hekima yake. Mtoto hapewi vyote siku moja. Anajifunza kungoja, na kungoja ndiko maana ya Majilio.

3. Poland: kazi ya kukaribisha

Tarehe 24 Desemba, watu wa Poland hutandika mezani kitambaa cheupe, na chini yake huweka majani makavu kidogo, ukumbusho wa hori. Hawali mpaka nyota ya kwanza ionekane. Kabla ya chakula kila mmoja humega kipande cha mkate mwembamba wa mwenzake, huku wakitakiana heri. Tena huweka sahani moja zaidi, kwa mgeni asiyetazamiwa.

Tarehe 13 Desemba 1981 serikali ya nchi ile ilitangaza utawala wa kijeshi, na maelfu ya watu wakatiwa kizuizini. Siku kumi na moja baadaye ukaja mkesha wa Krismasi. Katika nyumba zao, nafasi iliyo wazi ilikuwa ya mtu wanayemjua kwa jina.

4. Na sisi je?

Nakumbuka mwaka mmoja nikiwa msichana. Mama yangu alikuwa amedarizi kitambaa cheupe chenye maua mekundu, kazi ya miezi mitatu. Siku ya Krismasi alikitandika, pilau ikaletwa, nasi tukaonywa tusidondoshe mchuzi. Jirani yetu, aliyefiwa na mumewe mwezi ule, akapita mlangoni na watoto wake wawili wakitoka kanisani. Alitusalimu. Tuliitikia, wala hakuna aliyesema, "Karibu." Tulikihofia kitambaa.

Jioni mama alitutuma na sahani ya pilau. Tukakuta taa imezimwa, wamekwisha lala.

Mwaka uliofuata mama alikitandika kitambaa kile kile, lakini kabla hajawasha moto alikwenda mwenyewe kumwita yule mjane. Mtoto wake mdogo alimwaga mchuzi. Doa lile halijatoka mpaka leo, na mama hakupata kulilalamikia.

Wapendwa, tudarizi, tufume, na tuwafundishe binti zetu na wana wetu. Lakini kitambaa kinachomzuia mtu asiketi kimeigeuza nyumba yetu kuwa ile nyumba ya wageni iliyokosa nafasi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni kazi gani ya mikono uliyofundishwa na mzazi wako? Umemfundisha nani?
2. Watoto wetu wanajifunzaje kungoja wakati wa Majilio?
3. Ni nani mtaani mwetu atakayekula peke yake Krismasi hii? Nani atakwenda kumwita, na lini?

Sala: Ee Bwana, uliyefungwa vitambaa na mikono ya mama yako, ibariki kazi ya mikono yetu, utupe na moyo wa kusema karibu. Amina.