Cheti cha Chuo Pekee Hakitoshi: Hatua za Kusajiliwa Kuwa Mtaalamu wa Lishe ya Watoto

Kijana anayemaliza kidato cha nne Ganze, Magarini au Rabai hufikiwa na matangazo ya vyuo hata kabla hajajua afanye nini na matokeo yake. Matangazo yako ukutani, ndani ya matatu na kwenye simu, na mengi hutaja kozi ya lishe. Mzazi huuza mbuzi au huchukua mkopo wa chama, karo hulipwa, na baada ya miaka miwili au mitatu kijana hurudi nyumbani na cheti. Akienda kuomba kazi huulizwa swali moja: "Leseni yako iko wapi?"

Somo la toleo hili linaeleza njia ya kufikia leseni hiyo, hatua kwa hatua, ili mkaazi ajue la kuuliza kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 18 kati ya kila 100 wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao kwa sababu ya kukosa lishe bora kwa muda mrefu. Katika Kaunti ya Kilifi idadi hiyo ni 37 kati ya 100, ambayo ndiyo ya juu zaidi nchini, ikifuatwa na Pokot Magharibi, 34, na Samburu, 31.

Katiba, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kupata lishe ya msingi. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limezikabidhi kaunti vituo vya afya na elimu ya chekechea. Kwa hivyo kazi ya kumlisha, kumpima na kumtibu mtoto mwenye utapiamlo hufanyika karibu na nyumbani, katika zahanati, hospitali na shule za wadi zetu. Inahitaji watu waliofunzwa na wanaoruhusiwa na sheria kuifanya.

Nani anatoa leseni

Sheria ya Wanalishe na Wataalamu wa Lishe ya Tiba, Nambari 18 ya mwaka 2007, iliunda taasisi ya kitaifa ijulikanayo kama KNDI. Taasisi hiyo ndiyo huidhinisha vyuo na kozi za lishe, hutahini wahitimu, huwasajili na kuwapa leseni. Kuifanya kazi hii bila kusajiliwa ni kosa la kisheria.

Kuna ngazi tatu za kuingilia, kulingana na masomo. Aliyesomea cheti husajiliwa kuwa teknishiani wa lishe. Aliyesomea diploma husajiliwa kuwa mteknolojia wa lishe. Mwenye shahada husajiliwa kuwa mwanalishe au mtaalamu wa lishe ya tiba. Anayeanzia ngazi ya cheti anaweza kuendelea na masomo na kupanda.

Hatua tano za kufuata

Hatua ya kwanza: Linganisha matokeo yako ya KCSE na masharti ya kozi. Shahada huanzia alama ya wastani ya C+. Diploma na cheti huwa na masharti ya chini ya hapo. Zaidi ya alama ya wastani, alama za masomo kama biolojia na kemia huangaliwa pia. Chuo kikikwambia kuwa alama za sayansi hazina maana yoyote katika kozi ya lishe, hapo pana haja ya kuuliza zaidi.

Hatua ya pili: Hakikisha chuo kimeidhinishwa na KNDI kwa kozi hiyo hiyo unayoitaka. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali wa kufundisha ushonaji, kompyuta na upishi, na bado kisiwe na idhini ya kufundisha lishe. Kinaweza pia kuwa na idhini ya cheti na kukosa ya diploma. Usitosheke na karatasi iliyotundikwa ukutani pale mapokezi. Tazama orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa inayotolewa na taasisi yenyewe, au umwombe afisa wa lishe wa kaunti ndogo yako akusaidie kuisoma.

Hatua ya tatu: Andikishwa na KNDI ungali mwanafunzi. Kila mwanafunzi wa lishe hutakiwa kuwa na nambari yake katika taasisi hiyo tangu anapoanza masomo. Usingoje hadi mwaka wa mwisho. Mwulize mkuu wa idara katika muhula wa kwanza, "Nambari yangu ya KNDI nitaipata lini?" Chuo kisichoelewa swali hilo kimekwisha kujibu.

Hatua ya nne: Maliza mafunzo ya vitendo, kisha ufanye mtihani wa KNDI. Mafunzo ya vitendo hufanyika hospitalini na katika jamii, chini ya msimamizi aliyesajiliwa. Weka daftari la kazi zako na uhakikishe limetiwa saini kila wiki, kwa kuwa msimamizi akihamishwa ni vigumu kumfuata. Mtihani wa taasisi ni tofauti na mtihani wa chuo. Kufaulu chuoni hakumwondolei mtu mtihani huo.

Hatua ya tano: Jisajili, chukua leseni, na uifanye upya kila mwaka. Usajili huonyesha kuwa umehitimu, nayo leseni hukuruhusu kufanya kazi katika mwaka husika. Ili kuifanya upya, mtaalamu hutakiwa kuonyesha kuwa ameendelea kujifunza kwa kuhudhuria mafunzo na semina zinazohesabiwa kwa pointi. Lipa ada zote kwa njia rasmi za serikali na uhifadhi risiti. Hakuna ada ya leseni inayotumwa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.

Mfano wa kazi yenyewe

Ili kuona kwa nini sheria ni kali, tuchukue mifano mitatu ya kazi za kila siku. Jaribu kujibu kabla ya kusoma maelezo.

Mfano wa 1. Mtoto wa miezi 14 amepimwa mzunguko wa mkono, sehemu ya juu, na utepe umeonyesha sentimita 11.9. Mwingine wa umri huo ana sentimita 11.2. Wa tatu ana sentimita 12.8, lakini miguu yake yote miwili imevimba, na ukiibonyeza kwa kidole gumba hubaki shimo. Ni yupi wa kupelekwa hospitalini kwanza?

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni rangi ya manjano, utapiamlo wa wastani. Kuanzia 12.5 ni kijani. Mtoto wa kwanza ni wa manjano na wa pili ni mwekundu. Wa tatu angeonekana wa kijani, lakini uvimbe wa miguu yote miwili ni dalili ya utapiamlo mkali hata utepe useme nini. Yeye na wa pili wanapaswa kupelekwa siku hiyo hiyo. Mtu aliyejifunza kusoma rangi tu angemrudisha nyumbani mtoto aliye hatarini zaidi.

Mfano wa 2. Mtoto mwenye utapiamlo mkali amelazwa. Hana hamu ya kula na ana homa. Bibi yake ameleta sima, samaki na nazi ili apate nguvu haraka. Afanyeje mtaalamu?

Mwili uliokaa muda mrefu bila chakula cha kutosha hauhimili shibe ya ghafla. Chakula kingi kwa mara moja kinaweza kumwua mtoto huyo. Huanzishiwa maziwa maalumu ya tiba aina ya F-75, kwa kiasi kidogo kinachopimwa kwa uzito wake, kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, huku homa ikitibiwa. Baadaye ndipo huongezewa. Bibi huelezwa kwa heshima, na chakula chake huwa na siku yake.

Mfano wa 3. Shule ya chekechea ina watoto 120. Tuseme kila mtoto amepangiwa gramu 150 za mahindi, gramu 40 za maharagwe na gramu 5 za mafuta. Stoo itoe nini kwa siku moja?

Mahindi ni 120 mara 150, yaani gramu 18,000 au kilo 18. Maharagwe ni kilo 4.8. Mafuta ni gramu 600. Anayesimamia mpango wa chakula hukagua pia mahindi yenyewe. Yaliyoota ukungu hayapikwi, hata kama ndiyo pekee yaliyobaki. Mwaka 2004, sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 katika maeneo ya Ukambani na jirani zake.

Kama huna alama za kujiunga na kozi

Nafasi katika kazi hii hazijafungwa kwa wenye leseni ya lishe tu. Mpishi wa shule hatakiwi kuwa mwanalishe, lakini sheria za afya ya umma zinamtaka apimwe afya na awe na cheti cha wahudumu wa chakula, kinachofanywa upya kila baada ya miezi 6. Cheti hicho hutolewa kupitia ofisi za afya ya umma. Mhudumu wa afya ya jamii naye hufunzwa kupima mkono kwa utepe, kutambua dalili za hatari na kumpeleka mtoto kituoni. Wote wawili humsaidia mtaalamu. Hawaandiki matibabu ya utapiamlo wala hawajiiti wanalishe.

Mzazi, nawe unaweza kuuliza

Leseni humlinda mtoto kwanza. Mtu akikuandikia mlo wa tiba, akikuuzia unga wa "kuongeza uzito" au akikushauri umwachishe mtoto kunyonya kabla hajatimiza miezi 6, una haki ya kuuliza kama amesajiliwa na kuomba kuiona leseni ya mwaka huu. Mtaalamu wa kweli hataudhika. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza ndiyo ushauri rasmi, na atakayekwambia vinginevyo sharti awe na sababu ya kitabibu anayoweza kukueleza.

Ya kukumbuka

Kabla ya kulipa karo, pata majibu ya maswali haya manne, ikiwezekana kwa maandishi:

1. Je, chuo kimeidhinishwa na KNDI kwa kozi na ngazi ninayotaka?
2. Je, alama zangu za KCSE, zikiwemo za sayansi, zinatosha?
3. Nitapata nambari ya mwanafunzi ya KNDI katika muhula gani?
4. Mafunzo ya vitendo nitayafanyia wapi, na chini ya nani?

Jibu moja likikosekana, usilipe kwanza. Fika katika ofisi ya lishe ya kaunti ndogo yako, hospitalini, ukiwa na nakala ya matokeo yako na barua ya chuo. Kuuliza hakulipishwi, na muhula mmoja wa kusubiri ni nafuu kuliko miaka mitatu ya karo kwa cheti kisichokubalika.