Kaboni ya Mlimani na Kaboni ya Malisho: Nani Huipima, na kwa Mizani Gani?

Ukisafiri kutoka Doldol kwenda Nanyuki asubuhi kabla mawingu hayajatanda, unauona Mlima Kenya mbele yako. Wengi wetu tunaujua kwa maji yake. Wachache wanajua kwamba kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kuna kituo kinachopima hewa kwa niaba ya dunia nzima. Kilizinduliwa 1999, kinaendeshwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa ushirikiano na wataalamu wa Uswisi, na ni miongoni mwa vituo takriban 30 vya ngazi ya juu katika mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Mlima huu ulichaguliwa kwa sababu uko kwenye ikweta, ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana, na vituo vya aina hii Afrika ni vichache mno. Hata hivyo kazi yake si rahisi. Mchana jua likipasha miteremko, upepo hupanda na kubeba moshi wa majiko na wa mashamba ya chini. Usiku hewa hushuka kutoka juu ikiwa safi zaidi. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya anga pana hutegemea zaidi vipimo vya usiku.

Kuanzia mwishoni mwa 2003 hadi 2011, hewa ya mlima huu ilikuwa pia ikitiwa katika chupa za kioo na kusafirishwa hadi maabara ya Boulder, Colorado, Marekani. Kwa nini ipelekwe mbali hivyo? Fikiria soko la mifugo ambapo kila mnunuzi amekuja na mizani yake. Hakuna atakayeamini kilo za mwenzake. Gesi ni vivyo hivyo: mitambo ya nchi mbalimbali hurekebishwa kwa mitungi ya gesi ambayo kipimo chake kinatokana na maabara hiyo moja, ndipo namba ya Kenya iweze kulinganishwa na ya Uswisi au ya Hawaii.

Hawaii ndiko Charles Keeling alikoanza kupima hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, mwaka 1958. Wakati huo, katika kila sehemu milioni moja za hewa, takriban 315 zilikuwa za gesi hiyo. Kabla ya enzi ya viwanda zilikuwa kama 280. Sasa zimepita 420. Kwa kujumlisha vipimo vya nchi nyingi, kazi ambayo tangu 2001 inaratibiwa na Global Carbon Project, tunajua kwamba karibu nusu ya gesi ambayo binadamu hutoa hubaki angani. Iliyobaki humezwa na bahari, misitu na nyasi.

Nyasi ni jambo letu. Zinapokua huvuta kaboni hewani. Ng'ombe akizila hurudisha sehemu kubwa kwa kupumua, na nyingine huingia udongoni kupitia mizizi na samadi. Ukitaka kuona samadi inavyofanya kazi, tazama boma lililohamwa miaka mingi iliyopita: nyasi zake bado ni bora kuliko za pembeni.

Kipimo cha mlimani, hata hivyo, hakiwezi kusema ekari moja ya Mukogodo ina kaboni kiasi gani. Hilo huhitaji kuchimba udongo, tena kwa miaka mingi. Katika Kituo cha Utafiti cha Mpala, hapa hapa Laikipia, watafiti wa Kenya na wa ng'ambo wamezungushia viwanja ua tangu 1995: vingine huingiwa na ng'ombe, vingine na wanyamapori, vingine na wote pamoja na ndovu. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba ng'ombe walipunguza kaboni ya udongo, lakini ndovu walipokuwepo hasara hiyo ilifutika. Wengi hawakutarajia hilo. Lakini viwanja hivyo viko kwenye udongo mweusi unaonata, na sehemu kubwa ya Doldol ni udongo mwekundu.

Tofauti hiyo ina uzito pale mtu anapokuja na mkataba wa kuuza kaboni ya malisho yenu. Muulize: udongo ulichimbwa wapi, na lini? Au mmetegemea picha za setilaiti pekee? Setilaiti huona kijani, na dungusi nalo ni kijani. Nani, asiye mnunuzi wala muuzaji, amekagua hesabu?

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama ilivyorekebishwa 2023, inataka mradi ulio kwenye ardhi ya jamii uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii hiyo, nayo ipate kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia ikiwa mradi ni wa ardhi. Ulizeni kama mapato hayo yamehesabiwa kabla au baada ya gharama. Na chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mkataba na mwekezaji huhitaji idhini ya thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima, kina mama na vijana wakiwemo, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Sahihi za wazee wachache hazitoshi.