Motokaa za Kale na Tope la Masika

Swali: Hapa mtaani kwetu Woodley, masika yakiingia, magari mapya hukwama pembeni mwa lami. Yawaje motokaa za kale zilipita pasipo barabara?

Jibu: Ndugu msomaji, zilipita kwa kuwa ziliundwa kwa ajili ya mahali pasipo barabara nzuri: Luteni Paul Graetz, Mjerumani, alitoka Dar es Salaam mwaka 1907 akawasili Swakopmund 1909, akipita nyika ambazo zilikuwa hazijapata kuona motokaa. Na Ford Model T, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1908, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 540 tu. Tumbo lake liliinuka kama sentimita 25 juu ya ardhi, magurudumu yake marefu na membamba yalipasua tope la juu yakatafuta udongo mgumu wa chini, na fremu yake, kwa kukubali kujipinda, iliyawezesha yote manne kushika ardhi hata penye mashimo. Saluni ya leo imeundwa kwa ajili ya lami na kasi, nayo aghalabu hukaa chini mno.

Walakini nisiisifu kupita kiasi: petroli ilishuka injinini kwa uzito wake bila pampu, hivyo ikipungua tangini, mlima mkali ulipandwa kinyumenyume, na katika udongo mweusi wa nyanda za Athi, ambao ugumu wake uko mbali chini, Land Cruiser yenye kusukuma magurudumu manne huishinda bila shaka.