AKILI NI MALI: DAFTARI LA GHARAMA NA FAIDA

Wahenga walisema kuwa akili ni mali. Wahenga hao hao walionya kwamba akili nyingi huondoa maarifa, na kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hizi tatu zikisomwa kwa pamoja zinazua swali: ikiwa akili ni mali, gharama yake ni ipi, na hulipwa na nani? Makala haya yanadhamiria kulifungua daftari hilo.

Gharama ya kwanza ni ya mwili. Ubongo wa mtu mzima ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Kwa mtoto wa miaka mitano hivi, mgao huo huzidi nusu; na katika umri huo huo mwili wake hukua polepole. Ubongo hula kwanza, mwili ukangoja.

Wanyama nao hawakusamehewa. Mwaka 2013, watafiti nchini Uswidi walieleza jinsi walivyozalisha samaki wadogo waitwao gapi kwa kuteua wenye bongo kubwa. Majike wenye bongo kubwa walifaulu zaidi katika jaribio la kutambua idadi. Hata hivyo, matumbo ya samaki hao yalikuwa madogo na watoto wao wachache. Vivyo hivyo, utafiti wa 2003 nchini Uswisi ulibainisha kuwa mabuu ya nzi wa matunda walioteuliwa kwa wepesi wa kujifunza yalishindwa na wenzao pale chakula kilipokuwa haba.

Je, faida ni ipi? Jibu moja linapatikana Amboseli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa familia za ndovu zinazoongozwa na majike wazee hutambua vizuri zaidi sauti za jamaa na za wageni, na hupata ndama wengi zaidi. Utafiti wa 2011 uliongeza kuwa viongozi wazee hutambua upesi hatari ya ngurumo ya simba dume. Kwa hiyo, jangili anapomwua ajuza wa kundi kwa ajili ya pembe, huwapora waliobaki akiba ya miongo mingi.

Fasihi simulizi nayo inakumbusha kwamba ujinga pia una bei. Katika kisa cha punda wa dobi, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, punda anaponea makucha ya simba, kisha anakubali kurudishwa na sungura kwa maneno matamu. Safari ya pili haponi. Sungura anadai kuwa punda hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingerudi.

Kutokana na mifano hii, inabainika kuwa gharama ya akili hulipwa mapema, ilhali faida yake huchelewa. Mlipaji wa kwanza ni tumbo la mtoto. Jamii inayomtaka mwanafunzi awe mwerevu huku ikimwacha ashinde darasani na njaa inadai mavuno ya shamba isilolipanda. Akili ni mali, naam. Lakini mali hiyo huanzia chunguni.