Dondoo Muhimu: Programu Huria kwa Kampeni za Mashinani

Mwaka 2003, wafuasi wa Howard Dean, aliyekuwa akiwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic nchini Marekani, waliichukua programu huria iitwayo Drupal wakaunda kwayo DeanSpace, chombo cha kuyaunganisha makundi yao. Na ijapokuwa Dean alishindwa mwaka uliofuata, walithibitisha ya kwamba wafuasi wa kawaida waweza kujipanga barabara kwa programu huria. Basi awaniaye hata udiwani na ayazingatie haya:

• Daftari. Waandikeni wafuasi katika LibreOffice Calc, programu ya majedwali: jina, mtaa, simu, na kazi ambayo kila mmoja ameridhia kuifanya. Daftari likizidi kuwa kubwa, lihamishieni CiviCRM, programu ya kutunza taarifa za wafuasi.

• Ramani. Chapeni karatasi za mitaa kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, mkitia alama kila nyumba iliyokwisha kubishwa hodi, ili pasiwepo mlango uendewao mara mbili ilhali jirani hajafikiwa.

• Habari za vituo vya kupigia kura. Ushahidi, programu iliyoasisiwa Kenya mwaka 2008, hukusanya taarifa za wananchi na kuziweka juu ya ramani. Lakini kila taarifa sharti ihakikiwe kabla ya kutangazwa.

• Amana. Msiandike jina la mtu pasipo idhini yake, kwani sheria za kulinda taarifa binafsi, Kenya ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022, zahusika. Fungeni mafaili kwa nywila.

Programu hizi hazina ada, bali zahitaji mtunzaji mwaminifu: mteueni kabla kampeni haijaanza.