Roboti katika Viwanda vya Magari

Watu wengi wasikiapo neno "roboti" hufikiri sanamu ya chuma itembeayo kama binadamu. Roboti ya kiwandani haifanani na hiyo. Kwa kawaida ni mkono mmoja wa chuma uliofungwa sakafuni, wenye viungo mfano wa bega, kiwiko na kifundo. Katika roboti za mwanzo, fundi aliuongoza mkono huo hatua kwa hatua. Hatua hizo zikahifadhiwa, kisha mashine ikazirudia yenyewe.

Roboti ya kwanza ya namna hii, iitwayo Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors karibu na Trenton, New Jersey, nchini Marekani. Mbuni wake alikuwa George Devol; Joseph Engelberger ndiye aliyeifikisha viwandani. Ilikuwa na uzito wa kilo 1,800 hivi, nayo iliendeshwa kwa shinikizo la mafuta. Kazi yake ilikuwa kutoa vipande vya moto katika mashine ya kusubu, kazi iliyokuwa ya hatari kwa watu.

Mwaka 1969 kampuni hiyo ilianza kutumia roboti kuchomelea mabodi ya magari huko Lordstown, Ohio. Uchomeleaji huo hufanyika hivi: ncha mbili za shaba hubana mabati mawili, kisha umeme mwingi hupitishwa kati yake. Mabati huupinga umeme, hupata joto, huyeyuka mahali pale palipobanwa, na yakipoa hushikamana. Mtu anayeshika kifaa hicho kizito kutwa nzima huchoka, na mkono wake hukosea. Roboti haichoki.

Lakini mwendo wa kiwanda nao ulizidi. Lordstown ilikusudiwa kutoa magari 100 hivi kwa saa, yaani gari moja kila sekunde 36. Wafanyakazi waliounganisha sehemu nyingine kwa mikono yao walitakiwa kwenda kasi hiyo hiyo. Mwezi Machi 1972 waligoma, wakilalamikia kasi ya kazi na kupunguzwa kwa wenzao.

Basi, roboti huweza kumwondolea mtu moto na mzigo. Lakini haipangi kasi ya kiwanda wala idadi ya wafanyakazi. Hayo huamuliwa na binadamu, na ndiyo yanayopasa kuulizwa kila mashine mpya inapoletwa.